Seva Ilizimika Saa Ngapi?

Kila kompyuta inayoendeshwa na Linux hujiandikia habari zake usiku na mchana: nani ameingia, programu ipi imeanguka, diski ipi inakaribia kujaa, mtandao ulikatika lini ukarudi lini. Mafundi huyaita maandishi hayo logi. Tangu Eric Allman alipoanzisha syslog kule Berkeley katika miaka ya 1980, logi zilikuwa mistari ya maandishi matupu, na kuzisoma kulitaka macho, subira na amri mbili tatu kama grep na awk. Mwishoni mwa 2011 Lennart Poettering na Kay Sievers wakatangaza utaratibu mwingine, journal ya systemd, ambao leo unakutana nao kwenye seva nyingi za Linux. Humo kila tukio ni ingizo lenye sehemu nyingi, kila sehemu na jina lake, na faili lenyewe limefungwa kwa namna ambayo ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia huambulii kitu. Anayetaka kulisoma kwa skripti yake hupitia maktaba: kipande cha programu kinachosimama kati ya faili na lugha anayoitumia, iwe Python, Perl au Lua.

Kipande hicho kiundweje? Wengi huliona swali hili ni la ladha ya waandishi wa programu. Mimi naliona ni la ushahidi, na ndiyo maana sikuuweka mjadala huu Dar es Salaam katika ofisi yenye jenereta. Nimeuweka Mamboya, kwenye milima ya Ukaguru, wilaya ya Kilosa, katika kituo cha afya nilichokibuni, pamoja na watu wanne ambao nao nimewabuni. Vifaa wanavyobishania sikuvibuni.

Kisa chenyewe ni kifupi. Rejista ya dawa ya kituo imo kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotumia umeme wa sola. Usiku mmoja ilizimika, ikawaka tena. Asubuhi maboksi mawili ya dawa ya mseto yaliyomo kwenye rejista hayakuonekana kwenye shelfu. Mtu akaandika skripti haraka haraka, ikasoma logi, ikayapanga maingizo kwa saa na kuchapa karatasi: muuguzi wa zamu aliingia kwenye mfumo saa 22:20, na karibu na saa 23:00 mashine ikazimika. Muuguzi anasema aliingia baada ya umeme kurudi, siyo kabla. Karatasi inasema ni mwongo.

Mezani wapo mganga mfawidhi wa kituo, fundi anayezunguka vituo na mashule na begi lake la nyaya, binti anayetunga maktaba ya Python ya kusomea journal, na mzee mmoja, stesheni masta mstaafu, ambaye aliitwa kwa kuwa ni mjumbe wa kamati ya kituo. Salamu zimekwisha, shikamoo zimepokewa.

Mganga mfawidhi: Mlinzi anasema taa zilikatika saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Karatasi yenu inasema Jumatatu saa 23:00. Mimi natakiwa kumwandikia mganga mkuu wa wilaya. Niandike usiku upi?

Fundi: Wote wawili wako sawa, mama. Seva inahesabu kwa saa za kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Saa nane usiku ya mlinzi, kompyuta iliyowekwa saa zetu ingeiandika 02:00. Ondoa tatu, unavuka usiku wa manane kurudi nyuma, unaangukia Jumatatu 23:00.

Mganga mfawidhi: Basi mngeandika hivyo tangu mwanzo.

Mtunzi: Ndicho ninachotaka maktaba yangu ifanye. Ndani ya journal saa ni namba tupu, maikrosekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Nani atasoma hiyo? Mimi nitaigeuza iwe tarehe na saa za Afrika Mashariki. Uzito wa ujumbe utakuwa namba kati ya 0 na 7, ujumbe wenyewe utakuwa maandishi safi, kila kitu kwa aina yake. Mwandishi wa skripti apewe chungwa lililomenywa.

Fundi: Na kokwa umezitupa?

Mtunzi: Kokwa za nini?

Fundi: Wengine tunapanda, dada. Mimi sihitaji hata hiyo maktaba. Ipo journalctl, inakuja pamoja na mfumo wenyewe. Naiambia initolee JSON, maandishi yenye jina na thamani ya kila sehemu, kila ingizo mstari mmoja, kisha naisoma kwa lugha yoyote niitakayo. Nikiwa na Perl nasoma kwa Perl. Maktaba yako ikivunjika siku Python ikibadilika, mimi bado nafanya kazi.

Mtunzi: Umewahi kuangalia JSON hiyo inakupa nini sehemu ikiwa ndefu? Ikizidi baiti 4096 inakuletea null, labda ukumbuke kuagiza ilete vyote. Programu ikianguka na kutapika maelezo marefu, yaani siku ile hasa unayoyahitaji, unapewa tupu, na skripti yako inaendelea kana kwamba hapakuwa na ujumbe. Na sehemu isiyo maandishi halali inakuja kama orodha ya namba. Umeandaa skripti yako kupokea orodha ya namba?

Fundi: Maktaba ya C unayoitegemea nayo ina kikomo chake, kilobaiti 64. Sehemu ndefu zaidi inaweza kuja imekatwa.

Mtunzi: Ina kikomo, na mimi naweza kukibadilisha, tena naweza kukuambia kwamba thamani imekatwa. Hapo ndipo kazi yangu ilipo.

Hapa nakiri naegemea upande wa binti, ingawa hoja ya fundi si ya kubezwa. Kupitisha JSON kutoka programu moja kwenda nyingine ni jambo linaloeleweka na kila fundi wa wilaya, halihitaji kupakua chochote, na mtandao ukiwa wa kusuasua hiyo ni faida kubwa. Tatizo la null lingekuwa dogo kama lingepiga kelele. Linakaa kimya, na logi ni mahali pabaya pa kukaa kimya.

Aliyeugeuza mjadala ni mzee.

Mzee: Mnabishana saa iandikwe vipi. Mimi nauliza, saa yenyewe ilikuwa sahihi? Stesheni saa ya ukutani tulikuwa tunailinganisha kila siku kwa ishara iliyoletwa kwenye laini. Ukiona imekimbia unairekebisha na unaandika kwenye kitabu cha treni kwamba umeirekebisha, dakika ngapi. Maana treni mbili kwenye reli moja haziangalii saa yako nzuri, zinaangalia ipi ilitangulia.

Fundi: Hapo, mzee, umegusa penyewe. Raspberry Pi hii si ya karibuni. Kabla ya toleo la 5, lililotoka 2023, hazikuwa na saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Na hata toleo la 5, betri ya saa unanunua mwenyewe.

Mzee: Sasa ikiwaka inajuaje ni saa ngapi?

Fundi: Haijui. Kuna programu inayohifadhi saa kwenye faili mara kwa mara, kama kila saa moja. Mashine ikiwaka inachukua saa ile iliyohifadhiwa mwisho, inaendelea nayo kama vile hakuna kilichotokea, mpaka mtandao urudi iulize seva za saa. Ikipata jibu inaruka ghafla mbele.

Mganga mfawidhi: Kwa hiyo usiku ule?

Wakachukua karatasi wakapiga hesabu, na hesabu hiyo inastahili kufuatwa polepole. Tuseme saa ilihifadhiwa mwisho 22:17. Umeme ukakatika 23:00. Umeme ukarudi, mashine ikawaka 23:40 kwa saa ya kweli, lakini yenyewe ikaamini ni 22:17. Muuguzi akaingia dakika tatu baadaye: mashine ikaandika 22:20, wakati saa ya kweli ilikuwa 23:43. Mtandao ukarudi dakika 18 baada ya mashine kuwaka, saa ikaruka kutoka 22:35 hadi 23:58. Sasa chukua maingizo yote ya usiku ule, uyapange kwa saa iliyoandikwa. Muuguzi aliyeingia dakika 43 baada ya mashine kuzimika anaonekana ameingia dakika 40 kabla haijazimika. Skripti haikukosea hesabu hata moja.

Mganga mfawidhi: Mnataka kuniambia nilikuwa nimwandikie barua ya kujieleza mtu aliyesema kweli?

Hili si jambo la kufikirika tu. Mei 2021 ununuzi wa umeme wa LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa nchini, waziri wa wakati ule aliagiza maofisa wa TEHAMA wasimamishwe kazi. Sisemi lolote juu ya nani alikuwa na kosa. Nasema kwamba mfumo ukianguka hapa kwetu, swali la kwanza huwa ni nani, na jibu hutafutwa kwenye logi.

Mtunzi: Lakini journal inajua! Kila ingizo lina namba ya mfululizo. Lina kitambulisho cha kuwaka, ambacho hubadilika kila mashine inapowashwa upya. Tena lina saa ya pili, inayohesabu tangu mashine ilipowaka, na hiyo hairudi nyuma wala hairuki. Ukisoma maingizo kwa mpangilio wa journal yenyewe, muuguzi anakuja baada ya kuzimika. Aliyeharibu ni huyu aliyeyapanga upya kwa saa ya ukutani.

Mzee: Nani alimruhusu?

Mtunzi: Mzee, huwezi kumzuia mtu kupanga orodha.

Mzee: Wewe si ndiye unayempa hiyo orodha?

Binti alinyamaza kidogo, na kimya chake nakielewa. Katika Python ukimpa mtu tarehe na saa kama kitu cha kawaida cha lugha, umemwambia pia, bila kutamka, kwamba anaweza kuvilinganisha, kuvitoa kimoja kwenye kingine na kuvipanga. Huwezi kumpa kitu kile halafu ukamwandikia kwenye maelezo, ukurasa wa nane, kwamba asikipange. Urahisi wa kiolesura unafundisha matumizi kuliko maelezo yoyote. Kwa hiyo uamuzi wa aina gani ya kitu irudishwe ni uamuzi wa kosa gani litakuwa rahisi kufanywa.

Mtunzi: Sawa. Basi ingizo langu litakuwa na mpangilio wake. Ukiandika amri ya kupanga maingizo, yatapangwa kwa mfululizo wa journal, siyo kwa saa. Anayetaka saa ataiomba kwa jina, na jina litasema kwamba hii ni saa ya ukutani kama mashine ilivyoiamini wakati ule. Na kuruka hadi saa fulani, ambako mimi nilikuwa nimekupa amri fupi kuliko zote, nitakuongezea sharti: uitaje na awamu ya kuwaka. Maana kutafuta kwa saa kunadhani saa haikurudi nyuma.

Fundi: Na ile saa ya kweli tuliyoipata kwa hesabu, 23:43? Usiniambie utaiweka mahali pa ile 22:20.

Mtunzi: Kwa nini nisiiweke? Tumeipata kwa hesabu halali. Saa ya tangu kuwaka ilikuwa sekunde 180 muuguzi alipoingia, na 1,080 mtandao ulipoirekebisha saa. Tofauti ni dakika 15. Ondoa 15 kwenye 23:58.

Fundi: Halali, ndiyo, kama saa ya mtandao ilikuwa sahihi na kama ulisoma sehemu sahihi. Ukiiweka juu ya ile ya zamani, umefuta. Kesho mkaguzi akija na journalctl yake anaona 22:20, wewe skripti yako inaonyesha 23:43, na sisi wote tunaonekana matapeli.

Mzee: Kitabu cha treni hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya maandishi, yaendelee kusomeka, unaandika sahihi pembeni, unaweka saini. Aliyetumia kifutio alikuwa anaficha kitu, hata kama hafichi.

Hapa hakukuwa na mabishano marefu. Saa ya kukadiriwa itakuwapo, kwa jina lake, ikitaja imekadiriwa kutokana na marekebisho yapi. Saa iliyoandikwa itabaki ilivyo. Systemd yenyewe huandika ujumbe saa ya mashine inapobadilishwa, ujumbe wenye kitambulisho maalumu kinachotafutika, kwa hiyo maktaba ina mahali pa kuanzia. Mganga mfawidhi akaandika rasimu ya barua yake palepale, saa zote mbili zikiwamo, na jina la muuguzi likaondoka kwenye aya ya kwanza.

Nilidhani wangepumzika. Fundi akatoa karatasi ya mfano wa msimbo wa binti, amezungushia wino mwekundu mahali pamoja.

Fundi: Hapa umeandika pid, tupu. Ndani ya journal inaitwa _PID, na mstari wa chini mbele yake.

Mtunzi: Nimeuondoa. Unachukiza macho, na katika Python jina linaloanza na mstari wa chini lina maana yake, ni kitu cha ndani, usikiguse. Nimesafisha majina yote.

Fundi: Umesafisha ushahidi. Majina yanayoanza na huo mstari ni yale yanayowekwa na journald yenyewe, programu inayoiandika journal: namba ya mchakato, mtumiaji, huduma iliyoandika. Programu haiwezi kuyaghushi. Yasiyo na mstari programu inajiandikia inavyotaka. Mtu anaweza kutunga programu ya vichekesho ikajiita jina la rejista ya dawa, ikaandika ujumbe wowote, na jina hilo likaonekana kwenye logi. Lakini _UID itasema ni nani hasa aliyeiendesha. Wewe umevichanganya kwenye kapu moja.

Mtunzi: Sikuwa nimeufikiria kama alama ya kuaminika. Niliuona ni mtindo wa uandishi tu.

Mzee: Muhuri wa stesheni nao ni mtindo wa uandishi.

Kwa maoni yangu hili ndilo kosa linalowapata watunzi hodari kuliko wazembe. Mzembe angeacha majina yalivyo. Hodari anajua adabu za lugha yake, anajua Python inapenda majina ya namna gani, na anaipendeza lugha kwa gharama ya kitu kinachosomwa. Suluhisho la binti lilinipendeza: sehemu zigawanywe mafungu mawili, la mashahidi na la wasemaji, na anayeomba pid aseme anaiomba kwa nani.

Kuhusu sehemu zinazojirudia, walipita haraka. Ingizo moja la journal linaweza kuwa na sehemu ileile mara mbili au tatu, kila moja na thamani yake. Maktaba ya Python inayotoka kwa mradi wa systemd hukupa maandishi sehemu ikiwa moja na orodha zikiwa zaidi. Na ikiwa thamani si maandishi halali ya UTF-8, inakupa baiti. Fundi akasema skripti yake itafanya kazi miezi sita, siku ya kwanza ikikutana na orodha itaanguka saa nane usiku. Binti akasema amri mbili zitatosha, ya kwanza ilete thamani moja na ilalamike zikiwa nyingi, ya pili ilete orodha daima hata ikiwa na kitu kimoja. Wakakubaliana. Namna ya kuchuja nayo haikuwachukua muda: journal ukiiambia huduma mbili inaelewa hii au ile, ukiiambia huduma na uzito inaelewa hii pamoja na ule, na binti akaahidi maktaba itaweza kuuchapa mchujo wake kwa maneno ili mtu aone alichoomba.

Mzee alikuwa bado na la kwake, na lilitoka hapohapo Mamboya.

Mzee: Mmisionari mmoja wa CMS, Last, alikaa hapa miaka ya mwanzo ya 1880. Mwaka 1885 kitabu chake kikachapwa London, Polyglotta Africana Orientalis, maneno na sentensi 250, zilezile, katika lugha na lahaja 48. Mwaka uliofuata akatoa sarufi ya Kikaguru. Nafikiria zile 250. Ukiwauliza watu wa lugha 48 maswali yaleyale, unaweza kuwalinganisha vizuri sana. Lakini neno ambalo lugha moja inalo na wewe hukuuliza, halimo. Na msomaji wa London hawezi kujua kwamba halimo.

Mtunzi: Unasema juu ya orodha yangu ya sehemu zinazotambulika.

Mzee: Nasema juu ya orodha yoyote.

Alikuwa sahihi, na inafaa kusema kwamba Last mwenyewe aliongeza maneno ya ziada ya lugha 19 nje ya fomu yake. Alijua fomu haitoshi. Binti alikuwa amepanga ingizo liwe na sehemu ishirini hivi zinazojulikana, na nyingine zitupwe kwa ajili ya kasi. Programu ya rejista ya dawa huandika sehemu zake yenyewe, namba ya boksi na aina ya muamala, kwa majina ambayo hakuna mtunzi wa maktaba aliyeyatarajia. Zingetupwa hizo, kisa cha maboksi mawili kisingefuatilika kwa saa yoyote, sahihi au mbovu. Akaifuta ile orodha.

Hapo mganga mfawidhi, aliyekuwa akiandika, akaweka kalamu chini.

Mganga mfawidhi: Ninyi mnataka kila kitu kisomwe. Humo ndani kuna nini cha wagonjwa wangu?

Fundi: Majina, mama. Ukitafuta mgonjwa kwenye mfumo, jina linaingia kwenye anwani ya ukurasa, na seva inaandika anwani yote. Namba za simu pia, tukituma ujumbe wa kukumbusha kliniki.

Mganga mfawidhi: Yaani mtu aliyekuja kupima, jina lake limo kwenye logi ya fundi?

Mtunzi: Naweza kuweka kichujio. Maktaba ikiona kitu kinachofanana na namba ya simu, iifiche.

Fundi: Mimi nikitumia journalctl naiona. Umefunga pazia kwenye dirisha moja la nyumba.

Mganga mfawidhi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Haisemi pazia.

Nadhani fundi alishinda raundi hii waziwazi. Taarifa za mgonjwa zizuiwe zinapoandikwa, na programu ya rejista, kabla hazijafika kwenye journal; nani asome journal liamuliwe na mfumo, ambao tayari una kundi la watumiaji wanaoruhusiwa. Maktaba inayoficha huku ikijua wengine wanaona inampa mganga mfawidhi utulivu asiostahili kuwa nao. Binti alikataa kuitoa amri ya kuficha moja kwa moja, akaiacha kwa ajili ya ripoti zinazochapwa, kwa jina lisilodai kulinda chochote.

Likabaki pengo. Kabla ya 23:00 ingizo la mwisho ni la 22:56. Kwa kawaida journald huhakikisha maandishi yamefika kwenye diski kila dakika tano, isipokuwa ujumbe wa hatari kubwa, ambao huandikwa papo hapo. Umeme ukikatika ghafla, dakika za mwisho zinaweza kupotea, na faili ambalo halikufungwa vizuri linawekwa kando kwa jina linaloishia na alama ya wimbi. Muuguzi anasema alitoa maboksi yale muda mfupi kabla ya giza, kwa dharura ya wodini, na aliingia baadaye kuhakikisha kama yameandikwa.

Mtunzi: Nataka skripti inapopita kutoka awamu moja ya kuwaka kwenda nyingine, ikute ingizo la pengo. Lisemwe: hapa mashine ilizimika bila kuaga, huenda kuna maandishi yaliyopotea.

Fundi: Ingizo ambalo halimo kwenye journal? Sasa wewe ndiye unayeandika logi.

Mtunzi: Nisiposema, mtu atadhani 22:56 hadi 23:00 hakuna kilichofanyika.

Fundi: Mwache adhani. Kazi ya maktaba ni kusoma.

Mzee: Sisi nafasi tupu kwenye kitabu tulikuwa tunaipiga mstari. Mstari si treni. Lakini anayekuja kukagua anajua hukulala.

Mimi namuunga mkono mzee, na kwa hiyo, kwa sehemu, namuunga mkono binti: pengo lionekane, lakini lisiwe ingizo, lisihesabiwe pamoja na maingizo, na skripti isiweze kulichukulia kama jambo lililotokea. Fundi hakuridhika. Anasema siku watu wakizoea kuona mapengo yaliyotangazwa watadhani pasipotangazwa hapana pengo, na kwa hilo sina jibu zuri.

Mganga mfawidhi: Hebu nielewe. Tungekuwa na ile betri ya saa, haya yote yasingekuwapo?

Fundi: Nusu yake, mama. Kuna kisahani kidogo cha saa kinachochomekwa kwenye Raspberry Pi, kina betri ya kidonge. Saa isingerudi nyuma. Zile dakika za mwisho zingepotea vilevile, labda tuiambie journald iandike mara nyingi zaidi, na kadi ya kumbukumbu ichakae mapema.

Mtunzi: Na betri ya kidonge nayo huisha, mama. Itakapoisha hakuna atakayejua mpaka umeme ukatike.

Mganga mfawidhi: Basi kaka leta betri, nitaiweka kwenye bajeti ya robo hii. Na wewe mwanangu endelea kuandika maktaba yako kana kwamba hatukuinunua.